Mfumo wa Chama: Ununue kwa Mkupuo au kwa Mizunguko?

Karatasi mbili za bei zikiwekwa mbele ya bodi ya chama cha akiba na mikopo, macho hukimbilia tarakimu iliyo ndogo. Ndiyo tabia ya mnunuzi yeyote na haina ubaya. Ila kwenye mifumo ya kompyuta tarakimu hiyo huficha swali zito kuliko bei yenyewe: siku mtakapogundua, kazi ikiwa katikati, kwamba mliloagiza silo mnalohitaji, gharama ya kugeuza ataibeba nani?

Tuchukue chama cha mfano hapa Mwanza. Kina wanachama 400, wengi wao wafanyabiashara wanaonunua dagaa visiwani na kuuza katika soko la Mwaloni Kirumba. Ofisi ni vyumba viwili. Kumbukumbu ziko kwenye madaftari na kwenye jedwali moja la kompyuta ambalo afisa mikopo peke yake ndiye anayelielewa. Chama kinataka mfumo wa hisa, akiba, mikopo, marejesho na ujumbe wa simu kwa wanachama, na kampuni mbili za vijana zimeleta bei. Tarakimu nitakazotumia nimezipanga mimi ili hesabu isomeke. Si bei za soko. Mkiwa na karatasi zenu mkononi, wekeni za kwenu.

Kampuni ya kwanza inataka shilingi milioni 24 kwa miezi 6. Mahitaji yote yanaandikwa mwanzoni na kusainiwa, kisha wao wanaingia kazini: usanifu, ujenzi, majaribio, mafunzo, makabidhiano. Asilimia 40 inalipwa siku ya kusaini, 30 mfumo unapofungwa ofisini, 30 mnapoupokea. Hii nitaiita njia ya mkupuo. Kampuni ya pili haitaji bei ya mwisho. Inataka milioni 3.5 kwa mwezi, inakadiria miezi 6 hadi 8, na kila baada ya wiki mbili italeta kipande kinachofanya kazi, mkikague, mseme kipi kifuate. Watu wa mifumo huiita ajaili. Hapa nitaiita njia ya mizunguko.

Kwa jicho la mhasibu, ya kwanza imeshinda. Ina kikomo, ina tarehe, na mkutano mkuu unaweza kuipitisha kwenye makadirio ya mwaka bila mabishano. Ya pili inanuka deni lisilo na mwisho. Hofu hiyo ni ya haki, na kuna namna ya kuimaliza, lakini kwanza tuone kila njia imetoka wapi.

Njia ya mkupuo ni ya wajenzi. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko, lisingeweza kujengwa kwa kujaribujaribu. Nguzo ikishasimama chini ya maji haihamishwi kwa sababu dereva wa lori ametoa maoni. Michoro kwanza, zege baadaye. Skrini ya mkopo haiko hivyo. Kuibadilisha wiki ya tatu ni kazi ya saa chache. Kuibadilisha mwezi wa saba, ikiwa imeshafungamana na riba, ripoti na ujumbe wa simu, ni kazi ya wiki nzima pamoja na hatari ya kuharibu vilivyokuwa vizima. Winston Royce, mhandisi wa Kimarekani ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kuwa chimbuko la kujenga mifumo hatua baada ya hatua, alionya humo humo kwamba kwenda mstari mmoja bila kurudi nyuma ni hatari. Watu walichukua mchoro wake, onyo wakaliacha. Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, wakaandika azimio fupi la ajaili. Walitanguliza mfumo unaofanya kazi mbele ya nyaraka nene, kushirikiana na mteja mbele ya kuvutana juu ya mkataba, na kuitikia mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Hawakusema kwamba nyaraka, mikataba na mipango havina thamani. Kuna wauzaji wanaojifanya hawakuisoma sehemu hiyo.

Jambo ambalo hakuna atakayeliandika

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi taa za betri na sola zimeenea, lakini kanuni ni ile ile: taa huvuta dagaa pale usiku unapokuwa mweusi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi. Wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu, hufanya hesabu na kugawana, wengine huenda nyumbani. Kipindi cha kazi huitwa giza, na hela ya Mwaloni hufuata giza. Mama aliyekopa kununua dagaa kisiwani anakuwa na fedha giza linapoisha. Linapoanza hana, kwa sababu imeshaingia kwenye mzigo, usafiri na mafuta ya mitumbwi.

Sasa angalia kalenda. Mwezi wa angani una kama siku 29 na nusu. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa kawaida kwa siku 11. Mkopaji aliyepangiwa kulipa kila tarehe 15 anaweza kuanza vizuri, tarehe yake ikiangukia mwisho wa giza. Mwaka ukiisha, tarehe ile ile imesogea siku 11 na imemkuta pabaya. Hajawa mkorofi wala biashara haijafa. Mfumo ndio utakaomwandika mdaiwa sugu na kumtoza faini.

Afisa mikopo wa chama chetu anayajua haya bila kufikiri. Kwenye daftari huandika pembeni kwa kalamu: giza la pili, giza la tatu. Na kwa kuwa anayajua bila kufikiri, hatayaandika kwenye hadidu za rejea. Ataandika kwamba mfumo uonyeshe ratiba ya marejesho, basi. Kijana wa mifumo atasoma sentensi hiyo na kutengeneza ratiba ya kila mwezi yenye tarehe moja, kama ya benki. Hakuna aliyekosea hapo.

Kwa njia ya mkupuo, jambo hili linajulikana siku ya mafunzo, mwezi wa sita. Mama mmoja wa kamati ya mikopo anasogeza miwani, anasoma skrini, anamgeukia kijana. "Mwanangu, tarehe hiyo giza ndiyo linaanza. Hela yote iko kwenye mzigo. Nani atakulipa?" Kijana anajibu kwa adabu, "Mama, lakini ratiba hii ndiyo mliyoisaini." Wote wawili wanasema kweli, na mkataba uko upande wa kijana. Kuigeuza ratiba ni badiliko, na badiliko lina ankara yake.

Kwa njia ya mizunguko, mama yule yule anasema maneno yale yale wiki ya nne, mbele ya kipande cha pili cha kazi. Ratiba haijafungamana na kitu kingine bado. Kijana anakwenda kuirekebisha, na muda wake umeshalipiwa ndani ya ile milioni 3.5.

Hesabu yenyewe

Kuna gharama ambayo haipo kwenye karatasi ya kampuni yoyote kati ya hizo mbili, nayo ni muda wa mtu wenu. Njia ya mizunguko inamtaka afisa mikopo akae na watengenezaji karibu siku mbili kila wiki: kuonyesha, kujaribu, kukataa, kukubali. Akiwa analipwa laki 6 kwa mwezi, siku mbili kati ya tano ni shilingi 240,000, na kwa miezi 7 ni milioni 1.68. Njia ya mkupuo inamhitaji mwanzoni na mwishoni, tuseme wiki 5 kwa jumla, kama laki 7.

Kwa hiyo mkupuo, mahitaji yasipobadilika hata moja, ni milioni 24.7. Mizunguko ya miezi 7 ni milioni 24.5 za kampuni na 1.68 za mtu wenu, yaani milioni 26.18. Tofauti haifiki milioni moja na nusu. Badiliko moja tu baada ya kusaini, likitozwa milioni 1.5, linaifuta. Mabadiliko matatu ya bei hiyo yanaupeleka mkupuo hadi milioni 29.2, mbali na miezi ya kusubiri ambayo chama kinaendelea na madaftari. Jiulizeni kwa ukweli: katika shughuli ya mikopo ya watu wa dagaa, ni vitu vingapi vya aina ya giza mnavijua bila kuviandika? Dhamana ya kikundi inavyofanya kazi. Mwanachama anayelipiwa na mwanawe kutoka Nansio. Mume na mke wanaotumia simu moja. Mimi siamini kwamba vitapungua vitatu.

Ila hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Mizunguko ikienda miezi 10 badala ya 7, mtakuwa mmelipa milioni 35 kwa kampuni na 2.4 kwa muda wa mtu wenu: milioni 37.4. Hapo mkupuo, hata na ankara zake zote za mabadiliko, ungekuwa rahisi zaidi. Kinachozuia hilo ni maneno matatu kwenye mkataba. La kwanza ni kikomo: jumla haitazidi milioni 28, na hicho ndicho kiasi kinachopelekwa mkutano mkuu kupitishwa. La pili ni haki ya kusimamisha kazi mwisho wa mwezi wowote bila faini. La tatu ni mpangilio: vipande muhimu kwanza. Mkilazimika kusimama mwezi wa nne mmelipa milioni 14, na akiba, mikopo na marejesho vinafanya kazi. Ripoti za kupendeza na ujumbe wa siku ya kuzaliwa vitasubiri. Mkisimama mwezi wa nne kwa njia ya mkupuo mmelipa milioni 9.6, na mlicho nacho ni nyaraka pamoja na mfumo usiowaka.

Hilo la kusimama ndilo linaloniegemeza zaidi upande wa mizunguko, kuliko hata bei. Chama cha wakopaji wa dagaa hakina fedha ya kuchezea. Kikijua mapema kwamba vijana hawa hawawezi kazi, kinaokoa zaidi ya kile kinachookolewa na punguzo lolote la bei.

Kodi nayo isisahaulike. Ulizeni kama bei imejumuisha VAT. Ikitozwa kwa asilimia 18, kwenye milioni 24 ni milioni 4.32, kubwa kuliko tofauti niliyochambua hapo juu, na chama kisichosajiliwa VAT hakirudishiwi. Daini risiti ya mashine ya kodi, EFD, kwa kila malipo, ya mkupuo au ya mwezi.

Tulichojifunza Thika na Washington

Mfano mkubwa wa kujaribu kabla ya kujifunga uko jirani. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya M-Pesa Kenya, Nairobi na Thika, wakiwa na wateja kama 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lililoandikwa lilikuwa kupokea mkopo na kurejesha kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia kazi hiyo upande wa Vodafone, waliwaangalia watu wanafanya nini hasa, wakakuta mengi ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wapo waliowalipia wenzao mikopo kwa makubaliano ya pembeni. Wapo waliofanya simu kuwa sanduku la kuhifadhia mauzo ya siku usiku kucha. Wapo walioweka fedha mahali pamoja na kuitoa walikokwenda, ili wasitembee nayo njiani. Urejeshaji wa mkopo wa kikundi, ambao ndio uliokuwa kiini cha mpango, ulionekana kuwa mgumu kuliko walivyodhani. Bidhaa iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Fikiria kama wangejifunga kwa hadidu za rejea za 2005 na kukabidhi walichoandika. Tungekuwa na mfumo safi wa marejesho, na wakala aliye kando ya mzani wa Mwaloni leo asingekuwepo.

Nje ya kwetu, FBI ya Marekani ilitumia dola milioni 170 kwa mfumo wa kutunza mafaili ya uchunguzi, ikauacha 2005 bila kuutumia. Ilianza upya 2006 kwa kandarasi kubwa, mfumo ukiitwa Sentinel, kazi ikachelewa tena; 2010 wakaichukua wenyewe, timu ndogo, mizunguko ya wiki mbili, na Julai 2012 ukaanza kutumika. Mizunguko haikuwa dawa ya kila kitu pale. Iliwawezesha tu kuona mapema kinachofanya kazi na kisichofanya.

Pale mkupuo unapostahili

Siwezi kumshauri mtu anunue kila kitu kwa mizunguko. Kompyuta, betri za akiba, nyaya za mtandao, kuhamisha kumbukumbu za miaka mitano kutoka kwenye madaftari: hizo ni kazi zinazohesabika. Zipangieni bei ya mkupuo na tarehe. Kuunganisha mfumo na mashine ya risiti za kodi ni hivyo hivyo, kwa sababu sheria imeshasema kinachotakiwa na hakuna mjadala wa mama wa kamati. Kiwanda cha minofu ya sangara kinachouza Ulaya hakijadiliani na mnunuzi kuhusu kumbukumbu za usafi na chimbuko la samaki. Masharti yameandikwa, mfumo uyafuate yote kabla ya kontena la kwanza.

Na kuna yanayogusa roho za watu. Katika ziwa lililozamisha MV Bukoba Mei 1996 na MV Nyerere Septemba 2018, mfumo wa kuhesabu abiria wa kivuko usipelekwe gatini ukiwa nusu ili ukajifunze kazini. Watengenezaji wanaweza kuujenga kwa mizunguko ndani ya ofisi yao, hilo ni jema, lakini siku ya kuanza kutegemewa uwe umepimwa wote, na aliyeupima asiwe yule aliyeujenga.

Taasisi za umma zina njia yao iliyokwisha kuchorwa. Miradi yao ya mifumo hupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya sheria ya 2019, na zabuni zao hupita kwenye NeST, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani na kuanza 2023 ukichukua nafasi ya TANePS. Mganga mfawidhi au mkurugenzi wa halmashauri atabaki karibu na mkupuo kwa sababu mkaguzi atauliza fedha hii ilinunua nini. Hata hivyo anaweza kuyakata malipo katika vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na kitu kinachofunguka na kufanya kazi, badala ya kulipia ripoti ya usanifu ambayo hakuna atakayeisoma.

Umbali nao ni gharama. Kampuni ya Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Kwa mkupuo itakuja mara mbili tatu, na nauli imo ndani ya bei. Kwa mizunguko, mikutano ya video inasaidia, lakini kuna siku kijana lazima apande boti aende kisiwani na simu ya afisa anayekusanya marejesho aone mtandao unavyopotea, ajue kwamba mfumo unatakiwa kupokea marejesho hata mtandao ukikatika na kuyatuma baadaye. Nani analipa safari hizo? Iandikwe. Kwa kazi ya mizunguko, timu inayoishi Nyamagana au Ilemela ina faida ambayo bei ndogo ya mbali haiifikii kirahisi.

Kuhusu wauzaji

Neno ajaili limekuwa kificho cha wasiopenda kuandika. Kampuni ikikuambia kwamba kwa kuwa wao ni wa ajaili hakuna haja ya orodha ya kazi, wala vigezo vya kukubali, wala nyaraka za kuutunza mfumo, shukuru kwa chai na uondoke. Timu inayojua mizunguko ina nidhamu kuliko ya mkupuo: orodha ya kazi iko wazi na bodi inaweza kuisoma wakati wowote, kila wiki mbili kuna kitu cha kugusa kwa mkono, na kila kipande kina sentensi inayosema kimekamilika lini. Waombe wakuonyeshe orodha ya mradi wao uliopita, majina ya mteja yakiwa yamefichwa. Asiyenayo hajawahi kuitumia.

Upande wa mkupuo, angalia hadidu za rejea. Zikiwa zimeandaliwa na kampuni yenyewe kwa saa mbili baada ya kikao kimoja, mtasaini mahitaji ya chama kingine.

Kwa njia yoyote ile, mkataba useme msimbo wa mfumo ni wa nani, na nakala yake ikabidhiwe kwa kila malipo, si siku ya mwisho. Anwani ya mtandaoni na akaunti ya seva zisajiliwe kwa jina la chama. Na taarifa za wanachama, majina, namba za simu, madeni yao, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mizunguko ina kishawishi chake hapa: kwa kuwa kila wiki mbili kuna kitu cha kujaribu, vijana huomba nakala ya daftari halisi ili mambo yaende haraka. Msitoe. Watengeneze wanachama wa uongo wa kujaribia mpaka mfumo ukae kwenye seva yenu.

Chaguo la tatu

Nimelinganisha mbili kwa sababu ndizo zilizoletwa mezani, lakini bodi makini itaongeza karatasi ya tatu: mfumo wa tayari wa kulipia kila mwezi. Ukiwa laki 2 kwa mwezi, ni milioni 2.4 kwa mwaka, milioni 12 kwa miaka mitano. Mfumo wenu wenyewe, baada ya kujengwa kwa milioni 26, bado utataka seva na fundi. Tuseme milioni 3 kwa mwaka, na kwa miaka mitano mmefika milioni 41. Gawanya ile 26 pekee kwa wanachama 400: ni shilingi 65,000 kwa kichwa kabla mfumo haujahudumia mtu. Kwa chama cha ukubwa huu tofauti ya milioni 12 na milioni 41 ni mikopo kadhaa ambayo haitatolewa.

Swali la kumuuliza muuzaji wa mfumo wa tayari ni moja, naye alijibu kwa vitendo, si kwa mdomo: nipangie mkopo wa marejesho manne, tarehe nichague mimi, zisiwe sawa, na faini isihesabiwe katikati. Ukiweza, nunueni, na karatasi zile mbili mzirudishe kwa shukrani. Usipoweza, kuna njia ya kati. Apache Fineract ni mfumo wa huduma ndogo za fedha ambao msimbo wake ni wa wazi na hautozwi leseni. Timu inayoufahamu inaweza kuusimika na kuongeza yale ya kwenu tu. Kazi hiyo ya nyongeza ndiyo ya kununua kwa mizunguko, kwa mfano miezi miwili kwa milioni 7 badala ya miezi 7 kwa milioni 24.5. Inahitaji fundi anayeuelewa kweli, si aliyeusoma jana.

Hukumu yangu kwa chama hiki cha Mwaloni ni hii. Anzeni na mfumo wa tayari na muupime kwa mkopo wa giza. Ukishindwa, jengeni juu ya kilichopo kwa mizunguko, kikomo kikiwa kimepitishwa na mkutano mkuu. Kujenga vyote upya kwa mkupuo ni chaguo la mwisho, na lifanywe na chama ambacho kimeshaandika kila desturi yake na kuzihakiki na wakopaji wenyewe.

Ila msichague mizunguko kama bodi haiko tayari kumwachia afisa mikopo siku zake mbili za wiki. Bila yeye vijana watajijibia maswali wenyewe kila wiki mbili, nanyi mtakuwa mnalipa kwa mwezi kwa makosa yale yale ambayo mkupuo ungewapa kwa bei iliyofungwa. Kabla ya kusaini, jina lake na siku hizo mbili ziandikwe ndani ya mkataba, na kazi zake za dirishani apewe mtu mwingine kuanzia wiki hiyo hiyo.